Tochi ya Baba na Sinia Ukutani

Baba alipopoteza sauti, tulianza kumtafutia njia ya kutuita. Hilo tulilishughulikia hata kabla ya kujifunza kumgeuza kitandani vizuri. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wake wote wa kulia, kuanzia shavu mpaka kidole cha mguu, na kikaondoka na maneno pia. Muuguzi alituambia kwamba anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Aliyasema hayo kama habari njema.

Tunaishi Nyamasaria, si mbali na ziwa, katika vyumba viwili vya mabati nyuma ya barabara kuu. Mama anakaanga samaki mbele ya nyumba, hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni. Nyuma ya ukuta, upande wa dirisha, kuna mashine ya jirani ya kusaga unga, inayoanza kunguruma saa mbili asubuhi na kunyamaza jioni tu, au stima, yaani umeme, ikipotea. Tulimpa Baba kijiko na kikombe cha bati ili agonge, lakini mashine ikameza mlio. Tukampa simu. Kidole chake cha kushoto kilikuwa kikiteleza kwenye kioo, na siku moja alimpigia mchungaji mara sita mfululizo. Mchungaji akaja mbio na pikipiki, amebeba mafuta ya kuwapaka wagonjwa, akamkuta Baba akitaka tu kuongezewa mto. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Ndipo tukaikumbuka tochi.

Ni tochi ndogo ya chuma, ya kushikwa mkono mmoja, inayotumia betri mbili nene. Rangi yake ilishakwaruzika yote ikabaki nyeupe kama kijiko. Baba alikuwa mlinzi wa ghala moja mjini kwa zaidi ya miaka ishirini, na hiyo tochi aliinunua mwenyewe kwa sababu hakuziamini zile za plastiki alizopewa kazini. Nilipokuwa mtoto, alikuwa akirudi nyumbani mimi nikijiandaa kwenda shule. Aliketi, akafungua mkia wa tochi, akafanya jambo fulani humo ndani, akaufunga, akaiweka juu ya kabati, kisha akaomba chai. Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini. Nilidhani anaikagua.

Dole gumba lake la kushoto halikuwa na shida na swichi ya tochi. Shida ilikuwa mwanga utamfikiaje Mama huko nje. Hapo nikapata kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu. Nina digrii ya uhandisi wa umeme na miaka miwili ya kutuma maombi ya kazi. Nilichukua sinia la Mama lililopasuka ukingo, nikalisugua kwa majivu mpaka ling'are, nikalitundika ukutani kando ya mlango. Nilichora pembe kwenye karatasi, nikazifuta, nikazichora upya, nikalala nikiziwaza. Mwishowe nililiegemeza kwa kipande cha ndala. Chumba chetu ni cheusi hata mchana. Baba alimulika sinia, nuru ikaruka nje, ikamgonga Mama kifuani akiwa amesimama mbele ya karai. Aliinua kijiko chake cha kukaangia juu, ishara kwamba ameona.

Kitu kimoja tu kililazimika kubadilika. Pazia la mlango lilikuwa linazuia nuru, kwa hiyo tukalifunga fundo, likabaki limening'inia juu kutoka asubuhi hadi jioni.

Kwa mwezi mmoja mpango huo ulifanya kazi. Mmuliko mmoja ulikuwa maji, au kugeuzwa, au chombo cha haja. Mama hakujua ni kipi mpaka afike, lakini alifika. Wateja nao wakaizoea ile nuru. Wengi ni watu wa bodaboda wanaopata chakula cha mchana pale, na hawakosi la kusema.

"Mama, stima imerudi!" mmoja alipiga kelele siku ya kwanza, na tangu hapo stima likawa ndilo jina la nuru ile.

"Mama, stima! Afande anaripoti!"

"Leo ni maji ama ni ile kazi ingine?"

"Wewe kula samaki yako unyamaze," Mama aliwajibu, akijifuta mafuta mikononi, naye akitabasamu kidogo. Hawakuwa watu wabaya. Baba alipougua, wao ndio waliompakia kwenye gari, na mmoja wao alitoa shati lake liwekwe chini ya kichwa chake.

Siku moja nilijibu kabla ya Mama. Nilikuwa nimesimama nao, na walipouliza kama ni maji au ni ile ingine, nikasema, "Ni ile ingine. Sogeeni, upepo unakuja huku." Walicheka sana. Mmoja alinipiga bega. Nilifurahi, kwa sababu ilikuwa muda mrefu tangu niseme kitu watu wakakipenda.

Kutoka pale tulipokuwa mpaka kitandani ni hatua kumi na tano, na mlango ulikuwa wazi. Stima ilikuwa imepotea, na mashine ya unga ilikuwa imenyamaza. Ninalijua hilo kwa hakika kwa sababu nimelifikiria kila siku tangu wakati huo, na kila siku nimetamani iwe ilikuwa ikinguruma.

Jumatatu iliyofuata, tochi haikuwaka.

Tulijua saa nane, wateja walipopungua na Mama akaingia kuchukua chumvi. Alimkuta Baba amelowa mpaka mgongoni, tochi iko mkononi, midomo imekauka. Alikuwa amelala hivyo muda ambao hatutaujua kamwe. Tulimwosha, tukageuza godoro. Mama aliokota tochi, akabonyeza, akabonyeza tena, akanipa.

"Wuoda," aliniambia, yaani mwanangu, "si wewe ndio ulisomea hii maneno ya stima? Tengeneza."

"Ni betri tu, Mama."

"Basi peleka kwa jua."

Nilifungua mkia, nikaiinamisha tochi, betri zikaanguka kitandani, nikapanda nazo ngazi na kuzianika kwenye mabati kama kila mtu afanyavyo kwetu betri ikianza kuchoka. Nikiwa chuoni nilikuwa nikiwacheka wanaofanya hivyo. Jioni nilizirudisha, tochi ikawaka vizuri kabisa. Mama akasema, "Unaona?" Sikumwambia kwamba jua haliwezi kuipa betri nguvu kiasi hicho. Lakini nililala nikijiuliza ni nini basi kilichokuwa kimetokea.

Jumanne alasiri ilikuwa imekufa tena.

Sasa niliogopa. Kifaa kikifa kabisa unajua pa kuanzia. Kifaa kinachokufa mikononi mwa mtu mmoja na kufufuka mikononi mwa mwingine hukufanya uanze kujishuku wewe mwenyewe. Nilizimwaga tena betri kitandani, nikatoa mita yangu ya kupimia umeme, niliyoibakiza tangu chuoni, nikazipima. Zote mbili zilikuwa nzima. Nilikwaruza kutu kwenye springi kwa sandpepa. Nilikwaruza pale betri inapogusana na balbu. Nilitoa swichi, nikaipuliza, nikaifuta kwa pamba yenye spiriti, nikairudisha. Niliandika kwenye daftari: mvuke wa mafuta ya kukaangia? unyevu wa ziwa? swichi imelegea? mkono wake unatetemeka? Niliporudisha kila kitu, ikawaka.

"Baba," nilimuuliza, "ilizima yenyewe, ama ulibonyeza ikakataa?"

Alitazama mabati ya dari.

"Nibane kidole kama ilikataa."

Hakunibana. Nilifikiri amechoka.

Jumatano ilikufa kabla ya saa sita. Siku hiyo Mama alikuwa amekwenda ufukweni Dunga mwenyewe kuchukua samaki, nami nilikuwa chumba cha pili na laptopu, nikisoma kwa mara ya nne barua ya kukataliwa kazi, nikitafuta ndani yake sentensi inayoonyesha walisita. Nilikuwa nimejiambia nitasubiri mwanga. Nilipokuwa nje nilikuwa natazama sinia. Nilipokuwa ndani nilikuwa nimeacha mlango wazi ili nilione. Sinia halikuwaka, kwa hiyo sikwenda. Mama aliporudi na kumgeuza Baba, aliniita kwa sauti ambayo sikuipenda. Juu kidogo ya kiuno, mgongoni, ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka, pekundu na pabichi, pana kama kifuniko cha chupa ya soda. Muuguzi alituonya juu ya kidonda hicho kuliko jambo lingine lolote. Alisema kikianza hakina haraka ya kupona, na kikiingia ndani kinaweza kumuua mtu ambaye kiharusi kilimwacha.

"Hii ni ya kulala upande mmoja," Mama alisema. "Aliita nani akakosa?"

 Nilichukua tochi, nikazimwaga betri kitandani, nikazirudisha, ikawaka.

Alhamisi asubuhi niliipeleka soko la Kibuye, kwa fundi wa redio ambaye meza yake imejaa spika zilizotobolewa. Niliieleza hitilafu kwa kirefu. Nilimwonyesha daftari. Alinisikiliza huku akimenya ndizi.

"Injinia," aliniambia nilipomaliza, "umeongea dakika kumi juu ya tochi."

"Inakuja na kupotea. Hiyo ndiyo shida."

Aliichukua, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, akaigonga mezani, akaiangusha chini makusudi. Ilikuwa ikiwaka wakati wote.

"Hii kitu haina ugonjwa. Nani anaitumia?"

"Baba. Ni mgonjwa, amelala kitandani."

"Basi angalia yule anaitumia, uwache kuangalia tochi." Akanirudishia. Hakutaka kitu. "Wazee wa zamani waliziweka hizi vizuri. Enda nyumbani."

Nilirudi mapema kuliko nilivyotarajiwa. Nilimulika sinia kumwonyesha Baba kwamba tochi ni nzima, nikamrudishia mkononi, nikatoka. Lakini maneno ya fundi yalikuwa yananiwasha. Nilizunguka nyumba, nikapita kati ya ukuta wetu na wa mashine, nikasimama penye dirisha letu dogo. Nilijiambia nataka kuona jinsi anavyobonyeza swichi, pembe ya dole gumba, nguvu anayotumia. Nilikuwa hata na daftari.

Hakubonyeza swichi.  Aliisukuma tochi chini ya kwapa la mkono wake uliokufa, akaibana kwa kuulalia mkono huo kwa uzito wa mwili, na kwa vidole vya kushoto akaanza kuuzungusha mkia. Uliteleza. Akaanza upya. Nilichohisi kwanza, nakiri, ilikuwa furaha. Muuguzi alikuwa ametusihi tumfanyishe mazoezi ya vidole na yeye alikuwa amekataa kila kitu tulichompa, mpira, kitambaa, kokoto. Na sasa anafungua uzi wa chuma kwa mkono mmoja! Nilitaka kumwita Mama aje aone.

Mkia ulifunguka. Betri moja iliteleza juu ya blanketi. Aliitafuta kwa ncha za vidole, akaipata, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akairudisha ndani. Akaufunga mkia. Ilimchukua muda ambao ningeweza kutembea mpaka barabarani na kurudi. Alipomaliza, alibonyeza swichi mara moja kuhakikisha. Haikuwaka. Aliiweka kifuani na kuifunika kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipoiona asubuhi ile ya utotoni, mimi nikifunga kamba za viatu, yeye akifungua mkia wa tochi kabla ya chai. Walinzi wa zamani walikuwa wakifanya hivyo zamu ikiisha. Ukigeuza betri moja, tochi haiwezi kuwaka kwa bahati mbaya ndani ya mfuko na kumaliza moto. Betri mbili zikielekeana, moja inasukuma huku na nyingine kule, na kinachobaki ni sifuri. Mtoto wa darasa la sita anajua hilo. Mimi nilikuwa nimezimwaga betri kitandani mara tatu, kwa haraka ya kupima, bila kutazama zimekaa vipi, na kila nilipozirudisha nilizirudisha sawasawa kwa sababu ndivyo zinavyorudishwa. Kila jioni niliiondoa hitilafu kwa mikono yangu, kisha nikaketi kuitafuta.

Nilimwambia Mama pale kwenye karai, kwa sauti ya chini, wateja wakiwa bado hawajaja. Aliendelea kugeuza samaki wake wa ngege.

"Alikuwa anafanya hivyo kila siku akitoka kazi," alisema. "Miaka yote. Huo mkono unajua tu. Hata hafikirii."

"Mama, anafanya mchana, kabla watu hawajaanza kuja kula."

"Mkono hauangalii saa."

"Alibonyeza kuhakikisha haiwaki."

 Mafuta yalikuwa yakiruka na kumgonga mkononi naye hakuutoa mkono. "Sasa unataka nifunge kibanda nikae hapo ndani?" aliniuliza. "Tutakula nini? Na ile dawa?" Halafu, kabla sijajibu, "Geuza hiyo kitu tena. Anaweza kuzoea."

Sikumwambia habari ya kile kicheko. Nilitaka kumwambia. Niliyapanga maneno jinsi ninavyopanga barua za kuomba kazi, nikayabadilisha, nikayafupisha, na wateja wa kwanza wakafika.

Jioni ile nililifungua fundo na kuliacha pazia lianguke. Chumba kikawa kama pango, na sinia likawa halina faida yoyote. Niliketi kando ya kitanda, nikaweka kidole changu ndani ya kiganja chake cha kushoto.

"Baba, ni wale watu wa nje? Ni vile wanasema?"

Hakubana.

"Ni vile mimi nilisema?"

Mkono ulilala pale, una joto, hauna uzito. Nilingoja mpaka mashine ya jirani ikazimwa. Nilimwomba msamaha, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Dholuo, kwa sababu niliona Kiswahili kilikuwa kimekauka mno. Alinitazama. Jicho la kushoto tu ndilo linaloweza kutazama mtu barabara. Sijui liliniambia nini. Nimelipa maana nyingi tangu siku hiyo, na kila asubuhi naamka na maana mpya, mbaya kuliko ya jana.

Siku iliyofuata tulilirudisha pazia juu. Kidonda hakikuwa na nafasi ya kungoja tuamue. Nilijaribu kukaa naye mwenyewe, kila nusu saa nikimuuliza: maji? nikugeuze? chombo? Kwa kila swali alitazama dari. Namgeuza bila kuambiwa. Nampa maji, na yanatoka kando ya mdomo. Kidonda sasa ni kipana kama kiganja cha mtoto, na muuguzi hasemi tena habari njema, anasema tu tubadilishe upande na tukisafishe.

Nilinunua gundi, ile inayoshika papo hapo. Tone moja kwenye uzi wa mkia na Baba hataweza kuufungua tena. Kwa upande wa ufundi ndilo suluhisho sahihi. Nilikaa na chupa ile na tochi magotini alasiri nzima. Lakini ni kitu pekee ambacho mkono wake bado unakifanya kwa hiari yake, na mimi ndiye ningekuwa nimemnyang'anya. Chupa ipo ndani ya droo, pamoja na cheti changu, haijafunguliwa.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla kibanda hakijafunguliwa, nafungua mkia, nageuza betri, nafunga, namulika sinia. Mama anainua kijiko huko nje. Nampa Baba tochi mkononi. Wakati wa chai ya saa kumi naifungua, na betri imegeuzwa.

Jana nilichelewa. Nilikuwa na usaili kwenye simu, na mtandao ulikatika katikati ya swali la pili. Nilipomaliza kuwangoja wapige tena ilikuwa tayari saa saba, na benchi la Mama lilikuwa limejaa. Niliingia, nikafungua tochi, nikaigeuza betri, nikaufunga mkia. Sikufikiria. Nilimulika sinia kama ninavyofanya kila asubuhi, na Mama akainua kijiko.

"Mama, stima!" wakapiga kelele wote kwa pamoja.

Baba akafumba jicho lake zima. Nilisimama pale na tochi mkononi, inawaka.